Dirisha Limevunjwa au Limevunjika?

Mwanachuo aliyesomeshwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa wengi nchini Uganda, huja na mazoea ya umbo moja kufanya kazi mbili. Sentensi “The window was broken” yaweza kutaja tukio, yaani mtu alilivunja dirisha, au hali, yaani dirisha lilikuwa bovu. Katika maana ya kwanza “broken” ni sehemu ya kitenzi. Katika ya pili ni kivumishi. Kwa kitenzi hiki, Kiswahili humtaka msemaji achague.

(1) Dirisha limevunjwa.
(2) Dirisha limevunjika.

Sentensi (1) ina kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa. Mtenda hakutajwa, lakini yupo. Sentensi (2), yenye -ik- ya kauli ya kutendeka, yaeleza hali ya dirisha tu. Mtoto akimwambia mwalimu mkuu (1) ilhali alikusudia (2), ameshtaki bila kujua, na huenda darasa zima likahojiwa. Kosa kama hilo halitoshi kupigiwa mstari mwekundu, lahitaji maelezo.

Kipimo chepesi ni kuongeza mtenda kwa “na”. “Dirisha limevunjwa na Musa” hukubalika. *“Dirisha limevunjika na Musa” hukataliwa. Chanzo chaweza kutajwa, mathalani “limevunjika kwa sababu ya upepo”, bali mtenda hapana.

Tutanabahi pia kwamba -ik- hubadili maana kulingana na njeo. “Kamba imekatika” ni hali iliyokwisha kutokea, lakini “kamba hii haikatiki” ni suala la uwezekano. Kadhalika, “mwandiko wake hausomeki” haimaanishi kwamba hakuna aliyejaribu kuusoma.

Ugumu uko kwenye vitenzi kama “funga”. “Sanduku halifungiki” ni uwezekano. Kwa hiyo hali ya kawaida hubebwa na -w- pamoja na -me-. Anayesema “Usiende, duka limefungwa” hamfikirii aliyelifunga. Anayesema “Duka limefungwa na polisi” anasimulia tukio. Umbo ni lile lile, na kinachoamua ni muktadha. Basi tusimfundishe mwanafunzi kwamba kila -w- ni tukio: mlangoni pakiwa “pameandikwa” jina la shule, hakuna anayeuliza ni nani aliyeshika brashi.