Kufundisha Insha ya Swali Lenye Sehemu Mbili katika Kiingereza

Katika mitihani ya Kiingereza huonekana mara nyingi insha ambayo sarufi yake yaridhisha, hati yake yasomeka, na mawazo yake si haba, lakini ikapata alama chache. Ukiichunguza utaona kwamba mtahiniwa aliulizwa mambo mawili, naye akajibu moja. Kosa hili si la lugha. Ni la kulisoma swali na kuipanga kazi. Kwa hiyo laweza kuondolewa kwa mafundisho mazuri, hata kabla mwanafunzi hajawa hodari wa Kiingereza.

Jambo hili lamhusu mwalimu mwanafunzi mara mbili. Kwanza, yeye mwenyewe hufanya mitihani. Pili, kesho atasimama mbele ya watoto ambao watafanya mitihani hiyo baada yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kikawa somo. Mtoto akiingia sekondari hukuta kwamba masomo karibu yote hujibiwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Mgeta au wa Matombo aweza kujua habari za kilimo cha mlimani kuliko mtahini wake, lakini akahesabiwa kuwa hajui, kwa kuwa nusu ya ujuzi wake haikufika kwenye karatasi.

Swali Lenyewe

Swali lenye sehemu mbili hueleza kwa ufupi hali fulani, kisha huuliza maswali mawili yanayohusiana. Tuchukue mfano unaofaa mazingira ya Milima ya Uluguru:

"On many mountain farms, the rain carries away the soil. Why does this happen? What can farmers do to stop it?"

Sehemu ya kwanza yataka sababu, na ya pili yataka dawa. Maswali mengine huuliza sababu na matokeo, au huuliza hali ilivyo na maoni ya mwandishi juu yake. Haifai kulichanganya swali la namna hii na lile linalotaka faida na hasara za jambo moja. Huko swali ni moja lenye pande mbili. Hapa maswali ni mawili, na kila moja lina haki ya kupata jibu lake.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba sehemu hizo hazitengwi kila mara kwa alama mbili za kuuliza. Swali laweza kusema: "Explain why the soil is lost and suggest how farmers can keep it." Hapa hakuna alama ya kuuliza hata moja, lakini kuna vitenzi viwili vya kuagiza. Mwanafunzi azoezwe kutafuta vitenzi vya namna hiyo na maneno ya kuuliza, ayapigie mstari, kisha aandike 1 na 2 juu yake. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Kukusanya Mawazo

Kwa wanafunzi wanaoanza, twashauri mawazo yakusanywe kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno machache tu na wala si kwa sentensi. Mwalimu augawe ubao safu mbili: "Kwa nini?" na "Tufanye nini?" Darasa likitaja sababu, iandikwe katika safu ya kwanza, kisha itafutwe dawa ya sababu hiyohiyo, iandikwe mkabala wake. Miti imekatwa: ipandwe mingine. Majani huchomwa kabla ya kulima: yaachwe shambani yawe matandazo. Mistari ya mazao hufuata mteremko: ikate mteremko, na makinga maji yachimbwe.

Kanuni ni hii: kila dawa iitazame sababu yake. Historia ya Uluguru yaweza kulifafanua jambo hili darasani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Palipokuwa na udongo wa juu mwembamba, uchimbaji huo ulileta juu udongo usio na rutuba, na kazi yenyewe ilikuwa nzito mno. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliupinga mpango huo waziwazi, na shurti hiyo ikaachwa. Dawa ilikuwa imetolewa bila kupimwa kama yaafiki kila mahali. Mwanafunzi naye hufanya vivyo hivyo anapoandika sababu tatu nzuri, kisha akamaliza kwa kusema tu kwamba serikali isaidie na watu waelimishwe. Maneno hayo yaweza kubandikwa katika insha yoyote. Kwa sababu hiyo hayajibu swali lolote.

Kuipanga Insha

Aya nne zatosha. Ya kwanza hutaja hali iliyoelezwa katika swali na kuonyesha kwa ufupi majibu yote mawili. Ya pili hujibu sehemu ya kwanza, na ya tatu hujibu sehemu ya pili. Ya nne hufunga kwa sentensi moja au mbili bila kuleta wazo jipya. Aya ya pili na ya tatu zikaribiane kwa urefu. Kama moja ina mistari kumi na mbili na nyingine ina mitatu, mwandishi ajue kwamba swali moja limepunjwa.

Muda nao ugawanywe. Katika mtihani wa IELTS, ambao hufanywa na wengi wanaotaka kusoma ng'ambo, insha ya namna hii huhitaji maneno 250 au zaidi, na mtahiniwa hushauriwa kutumia dakika 40. Kwa kipimo hicho twaweza kupendekeza dakika 7 za kuchambua swali na kupanga, dakika 28 za kuandika, na dakika 5 za kusoma tena. Mwanafunzi ahamie aya ya tatu muda wa kuandika ufikapo nusu, hata kama bado ana la kusema katika ya pili.

Makosa Matatu Yatokanayo na Kiswahili

Kosa la kwanza hutokea katika utangulizi. Mwanafunzi huandika "I will explain why does this happen" badala ya "I will explain why this happens." Katika Kiswahili, swali likiingizwa ndani ya sentensi nyingine halibadili mpangilio wa maneno, katika Kiingereza hubadilika. Kwa kuwa insha hii huanza kwa kurudia maswali, kosa hili hujitokeza mapema na kwa urahisi.

La pili ni la "because" na "because of." Kiswahili hutumia "kwa sababu" kabla ya kitenzi na "kwa sababu ya" kabla ya jina. Mwalimu autumie ulinganifu huo: "because it rains heavily," lakini "because of heavy rain."

La tatu ni "although" kufuatwa na "but," kwa kuiga "ingawa... lakini." Kiingereza chataka kimoja tu kati ya viungo hivyo viwili.

Kazi ya Darasani

Katika shule ya msingi tusianze na insha. Tuanze kwa mdomo, kwa maswali mafupi yenye sehemu mbili: "Where do you fetch water, and who helps you?" Mtoto akijibu sehemu moja, mwalimu asimwambie kwamba amekosea, ainue vidole viwili, na mtoto mwenyewe atatambua kwamba bado kuna deni. Baadaye majibu hayo yaandikwe kuwa sentensi mbili, kisha sentensi nne, hatimaye aya mbili.

Darasa likiwa kubwa, nusu moja iandike jibu la sehemu ya kwanza, na nusu ya pili jibu la sehemu ya pili. Kisha wakae wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, na kuziunganisha aya zao. Watagundua wenyewe mahali ambapo dawa hailingani na sababu, na itawabidi wapatane.

Katika kusahihisha, mwalimu aanze kwa kuandika 1 au 2 pembeni mwa kila sentensi, kwa kadiri inavyojibu swali. Sentensi isiyojibu lolote iachwe bila namba. Baada ya hapo ndipo ashughulikie sarufi. Mwanafunzi akirudishiwa daftari ataona mara moja kama alijibu maswali yote mawili, hata kabla ya kusoma alama zake.

Wako walimu wanaowakaririsha wanafunzi insha nzima ili waitumie mtihanini. Insha iliyokaririwa hujibu swali la mwaka uliopita. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu maswali, kuyapangia mawazo, na kuyapa aya zake aweza kuandika juu ya jambo ambalo hakulitarajia, kwa Kiingereza chepesi alicho nacho, na bado akapata haki yake.