Kabla ya kufunga safari, tujue majira

Wengi wetu husafiri tukisha kuuza mazao. Lakini shida nyingine hazingoji mavuno. Kuna msiba, kuna mgonjwa. Mvua nayo haimwulizi mtu ana shida gani. Basi tujue majira ya kule tuendako, siyo ya hapa kwetu tu.

Nchi yetu ya Tanzania haina majira ya aina moja. Pwani, Tanga, Kilimanjaro na Mwanza hupata mvua mara mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Singida, Mbeya na Ruvuma mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mwezi wa Januari mtu wa Tanga aweza kuona jua kali, kumbe Songea njia ni tope tupu. Mwezi wa Mei mtu wa Dodoma aona vumbi, kumbe Pwani bado mvua yanyesha.

Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa kusini. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika, wasafiri wakakwama.

Je, kiangazi ni salama kabisa? Njia za nchi kavu huwa nzuri, Juni hadi Septemba. Lakini Njombe na Makete huwa baridi kali. Chukua koti na blanketi ya mtoto. Baharini nako upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, ikienda Unguja. Watu wengi walikufa. Jua la nchi kavu lisitudanganye.

Basi tufanye hivi:

1. Tusikilize redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.
2. Tuwapigie simu jamaa wa huko. Tuulize: mto unapitika?
3. Tuongeze siku mbili, na akiba ya chakula na nauli.
4. Maji yakipita juu ya barabara kwa kasi, tusivuke. Maji ya magotini tu yaweza kumwangusha mtu mzima.
5. Nahodha akiahirisha safari, tusimlazimishe.

Kuchelewa si kufa. Wenyeji watatungoja.