Safari ya tanga hupangwa kwa mwezi

Anayekodi mashua Lamu kwa mapumziko ya siku moja huuliza bei, kisha huuliza mtafika wapi. Mimi ningemshauri aanze na mwezi wa angani: una siku ngapi? Katika visiwa vile maji ndiyo yanayoamua mtapita wapi na mtarudi saa ngapi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Siku moja au mbili baadaye huja bamvua, na maji huweza kupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Wiki moja baada ya hapo ni maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo tu na mkondo hupoa. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukiujua mwezi, saa unaweza kuihesabu mwenyewe.

Chukua safari ya Takwa, magofu yaliyo kisiwani Manda, yenye kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, takriban 1683. Njia ya mashua ni hori linalopita katikati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki tope. Siku ya bamvua, saa nne asubuhi hufiki. Alasiri utafika, lakini giza litakuharakisha kurudi. Maji mafu hujaa asubuhi, ila kina chake ni haba. Mimi hupendelea siku mbili au tatu kabla ya bamvua: maji hujaa karibu saa nane mchana, unaingia saa saba na kutoka saa tisa, bila pupa.

Kutoka ndiko kwenye hila, kwa sababu maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mshuko wote katika mafungu 12: saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kama mshuko ni mita 3, saa ya kwanza hushuka sentimita 25 tu, na mgeni huona bado kuna nafasi ya kunywa chai. Saa mbili zinazofuata huondoka sentimita 125. Hapo ndipo mashua hukaa juu ya fungu la mchanga.

Upepo nao una ratiba yake. Kwa starehe chagua kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wala si kusi ya Juni na Julai, ambayo huichafua bahari. Asubuhi kaskazi huwa laini, mchana hupata nguvu. Basi bisha, yaani endesha mashua dhidi ya upepo, asubuhi kuelekea kisiwa cha Pate, wakati mawimbi ni madogo, ili alasiri urudi na upepo wa nyuma. Kubisha kwa tanga letu la pembetatu kuna kazi: kila mgeuzo foromali, yaani boriti inayobeba tanga, huzungushwa mbele ya mlingoti, demani (kamba ya tanga) ikilegezwa, na mtu mmoja akilishika tanga lisipigepige. Kwa hiyo nahodha mzuri hupiga mabisho machache na marefu. Muulize pia kabla hamjang'oa nanga kama amebeba tanga dogo, maana upepo ukizidi hubadilishwa tanga zima. Makoti ya kuokolea maisha yahesabiwe mkiwa bado gatini. Hilo halina mjadala.

Na mkikwama? Tueni tanga mara moja, kisha mtu abebe nanga hadi penye kina zaidi, ili maji yakirudi mjivute kwa kamba. Maji yakiendelea kushuka, tieni gadi, yaani miti ya kuegemeza, pande zote mbili kabla mashua haijaanza kulala, maana ikilala ubavu, maji yanayopanda huweza kuingia ndani kabla haijaelea. Mkikwama saa moja baada ya maji kuanza kupwa, subirini kwa muda wa saa kumi hivi kabla kina hakijarudi palepale. Ndiyo maana mtungi wa maji ya kunywa na kofia hupakiwa hata kwa safari ya nusu siku.