Je, Wajua? Insha 4,000 na fujo yenye kanuni

Je, wajua kwamba kitabu kimojawapo maarufu kuhusu uandishi wa vyuoni kilitokana na rundo la insha zilizojaa makosa? Mwaka 1970, City College ya New York iliwafungulia milango vijana wengi ambao awali wasingepokelewa. Mwalimu Mina Shaughnessy alibaki peke yake katika darasa lililochakaa, akisoma kazi zao na kuzirudia, asijue aanzie wapi. Baadaye alipitia insha za majaribio zipatazo 4,000. Hapo fujo ikaonekana ina kanuni. Aliyekosea koma hapa alikosea vivyo hivyo kule, kwa sheria aliyojitungia mwenyewe. Kitabu chake, Errors and Expectations, kilitoka 1977.

Kabla ya kitabu hicho, mtafiti Janet Emig alifanya jambo rahisi ajabu: aliwaomba wanafunzi 8 wa sekondari, eneo la Chicago, waandike huku wakisema kwa sauti kila linalowapitia kichwani. Kinasa sauti kikameza yote, hata kusitasita. Utafiti huo ulichapishwa 1971. Wanane tu, lakini walitosha kuwahamisha watafiti kutoka kwenye insha iliyokamilika hadi kwa mtu anayeiandika.

Na yale manung'uniko kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika? Ni ya kale. Harvard ilianza kuwatahini waombaji kwa insha ya Kiingereza mwaka 1874. Wengi walianguka, na hao walitoka shule za kifahari!