Roketi kwenye ekrani: namna Django inapokea mugeni siku ya kwanza

Mutu akifika kwenye lupango ya wenyewe, iwe ku Manika ao ku Dilala, haingii tu moja kwa moja na kuanza kuuliza maji ya kunywa. Anapiga hodi, anajibiwa «karibu», anapewa kiti. Pale ndipo anajua kama amefika mahali penyewe. Na kwenye mugodi ni vile vile: mufanyakazi mupya anaonyeshwa kwanza wapi pa kupita, wapi hatari iko, na nani wa kuuliza akipotea.

Wale wanaotengeneza vyombo vya kompyuta walikawia kuelewa kama jambo hilo linawahusu na wao. Mufano mumoja muzuri ni Django (D ya mbele haisemwi, inasomwa «Jango»), chombo ambacho kijana anayejifunza kutengeneza tovuti anaweza kukutana nacho mapema kabisa.

Django ni nini?

Wafundi wanaiita fremuwaki, ndio kusema kiunzi. Ni sawa nyumba ambayo mufundi alishasimamisha musingi, nguzo na bati. Wewe unabakia kuweka vyumba, milango na rangi unavyotaka. Mambo ambayo kila tovuti inahitaji, kama vile kuandikisha watumiaji, kulinda neno la siri na kuhifadhi habari, yamo tayari.

Ilianza mwaka 2003 kwenye ofisi za gazeti, Lawrence Journal-World, katika muji mudogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, inchini Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa watengenezaji wa tovuti za gazeti hilo, na kazi ya gazeti haingojei: habari ya leo inapashwa kutoka leo. Wakajenga kiunzi cha kuwasaidia kwenda haraka. Mwaka 2005 kikatolewa bure kwa dunia yote, na mupaka leo hakilipishwi. Instagram yenyewe ilijengwa juu ya Django.

Safari ya kufika kwenye mulango

Mutu anayeanza haoni kitu kizuri mara moja. Anapashwa kwanza kuweka Python, lugha ambayo Django imeandikwa nayo. Kisha anafungua lile dirisha jeusi la kuandika amri na kuandika pip install django. Hapo mega karibu 8 zinashuka. Kisha anaandika amri ya kufungua kazi mupya, django-admin startproject, na mwisho python manage.py runserver.

Kwenye karatasi ni mistari tatu. Kwa mutu wa Kolwezi inaweza kuwa siku tatu. Umeme unakatika katikati. Mega za telefoni zinaisha wakati faili imefika nusu. Kompyuta ni ya ndugu, na ndugu anaitaka saa hii hii. Tena, wakati Django inaanza, lile dirisha jeusi linaandika onyo kwa rangi nyekundu kama kuko «migrations» ambazo hazijafanywa. Si kosa. Ni kusema tu kama masanduku ya kuhifadhi habari hayajatengenezwa bado, na amri python manage.py migrate inamaliza neno hilo. Lakini mugeni hajui. Anaona nyekundu, anazania ameharibu kitu.

Ni kisha hayo yote ndipo anafungua Chrome ao Firefox, anaandika 127.0.0.1:8000, na kungojea. Ukurasa unaokuja pale ndio sauti ya kwanza kumujibu hodi yake.

«Haujafanya kazi yoyote»

Kwa miaka mingi, ukurasa huo ulikuwa maandishi matupu kwa Kiingereza. Kichwa chake kilisema kama imetembea, kikamupongeza mutu kwa ukurasa wake wa kwanza. Lakini katika matoleo ya zamani, mustari uliofuata ulimukumbusha kama, kwa kweli, hajafanya kazi yoyote bado. Kisha ukamutuma arudi kwenye dirisha jeusi kuandika amri zingine.

Kwa ile iliyoandika, pengine ilikuwa mzaha kidogo, na ilikuwa kweli: tovuti ilikuwa tupu. Lakini ni kweli ya mutu ambaye kwake kuweka Django ni dakika mbili. Kwa yule aliyepigana siku tatu na umeme na mega, kuambiwa hajafanya kazi ni sawa kufika kwenye lupango kisha kutembea kutoka Likasi kwa miguu, na mwenyeji anakuuliza: «Umekuja kufanya nini?»

Mustari huo uliisha kuondolewa. Na wakati Django 2.0 ilitoka, tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2017, ukurasa wote ulikuwa umebadilika.

Roketi inasema nini

Leo mugeni anakutana na roketi iliyochorwa, inatikisika sawa inaruka kweli kweli. Watu wengi wanakumbuka roketi tu. Lakini nguvu ya ukurasa iko ndani ya maneno machache ambayo yamepangwa chini yake.

Kwanza, hongera: kuweka Django kumefanikiwa. Ni jibu la ulizo ambalo mugeni anakuja nalo moyoni, «Je, nimefanya muzuri ao nimeharibu?» Linajibiwa mbele ya kitu kingine chochote.

Pili, sababu. Ukurasa unaeleza kama unaonekana juu ya mambo mawili: DEBUG iko True kwenye faili ya mipango, na haujaandika anwani yoyote ya tovuti yako. Hivyo mugeni anajua kama ukurasa huu si tovuti yake, ni kikaratasi tu kilichobandikwa kwenye nyumba tupu.

Tatu, milango tatu pale chini. Mumoja unapeleka kwenye vitabu vya maelezo, wa pili kwenye somo la kwanza la kutengeneza programu ya kupiga kura, wa tatu kwa watu wengine wanaotumia Django na wanaoweza kusaidia. Haiko milango kumi na tano. Mutu aliyefika sasa hivi, ukimuonyesha vyumba vyote vya nyumba kwa mara moja, hatakumbuka hata choo.

Django haiko peke yake kwenye njia hiyo. Ruby on Rails, kiunzi kingine kinachojulikana sana, mwaka 2016 katika toleo lake la 5 kiliweka picha ya watu wa dunia na maneno ya furaha. Kisha toleo la 7 likapunguza yote: alama yake na namba za toleo, basi. Kila moja inatafuta jibu lake kwa ulizo moja: mugeni anahitaji kusikia nini kwanza?

Hata bila mega inafunguka

Kuko jambo ambalo mutu wa hapa atapenda. Ile anwani 127.0.0.1 ni kompyuta yako mwenyewe. Roketi imechorwa kwa kode ndani ya ukurasa, haitoki kwenye intaneti. Basi ukishaweka Django, unaweza kuizima Wi-Fi, kutia telefoni mfukoni, na ukurasa utafunguka tu.

Lakini ile milango tatu ya chini inapeleka inje, kwenye intaneti. Ukibonyeza bila mega, unapata ekrani ya kosa, na karibu yote inapoteza utamu. Dawa iko: vitabu vya maelezo vya Django vinaweza kushushwa vyote kwa mara moja, kwa PDF, kwa EPUB ao kwa kurasa za kawaida, na kusomwa bila kuunganishwa. Siku uko mahali penye Wi-Fi nzuri, vishushe na kuviweka kwenye klefu ya USB. Mutu mumoja akivishusha, darasa lote linaweza kunakili.

Lugha na saa za kwetu

Ukurasa unakuja kwa Kiingereza, lakini unaweza kubadilishwa kwa mustari mumoja. Ndani ya faili settings.py kuko LANGUAGE_CODE. Ukiandika 'fr' pahali pa 'en-us', hongera inakuja kwa Kifaransa. Kiswahili nacho kiko kwenye orodha ya lugha za Django, kwa alama 'sw'. Tafsiri hizo zinafanywa na watu wa kujitolea, maana yake mutu wa Kolwezi anayejua Kiswahili na Kiingereza anaweza kutia mukono.

Karibu na mustari huo kuko TIME_ZONE, ambayo inakuja na UTC. Hapa inafaa kuandika 'Africa/Lubumbashi', juu Lualaba inafuata saa ya Lubumbashi, ambayo inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Ukiweka Kinshasa, matangazo yote ya tovuti yako yatakuwa na saa ya uongo.

Hata mikutano imesogea karibu. Django Girls, ambayo ilianza Berlin mwaka 2014 kwa kufundisha wanamuke bure, iko na somo lake kwa Kifaransa pia. DjangoCon Africa ilifanyika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025, kati ya watu wanaosema Kiswahili.

Wakati roketi inapotea

Kuko siku moja ambayo inaogopesha wanafunzi wengi. Unaandika anwani yako ya kwanza, kwa mufano ya matangazo, unarudi kwenye 127.0.0.1:8000, na roketi haiko tena. Pahali pake kuko ukurasa unaosema 404, haupatikani. Usifute kazi yako! Django imeona kama sasa nyumba iko na mwenyewe, ikaondoa kile kikaratasi chake. Wewe umetengeneza mulango wa matangazo, lakini haujatengeneza mulango wa mbele. Ongeza anwani tupu kwenye urls.py, na ukurasa wako utaonekana.

Siku tovuti inakwenda mbele ya watu wote, DEBUG inapashwa kuwa False. Ukiiacha True, kosa likitokea, mupita njia yeyote anaweza kusoma mambo ya ndani ya tovuti yako.

Na somo kubwa si la Django tu. Kuko vijana wanaotengeneza programu ya matokeo ya masomo, ya kooperative, ya duka la dawa. Ekrani ya kwanza ya programu hizo mara nyingi ni jedwali tupu na sifuri mingi. Mama wa kooperative akiifungua, anazania imeharibika, anarudi kwenye daftari yake. Mbele ya kumupa mutu programu, ifungue sawa vile yeye ataifungua, siku ya kwanza, haina kitu ndani. Je, inamuambia kama amefika muzuri? Inamuambia kwa nini ni tupu? Inamuonyesha kitu kimoja cha kufanya kisha, kwa lugha anayoisema nyumbani? Ikiwa jibu ni hapana, kazi ya kupokea mugeni haijaisha.