Roboti Mlinzi wa Gumzo: Sehemu ya Pili

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, alivyoanzisha IRC mwaka 1988, yaani mfumo wa gumzo ambamo seva nyingi hupitishiana maandishi, na watumiaji hukutana katika kumbi ziitwazo chaneli. Sehemu hii inahusu Eggdrop, roboti iliyoanzishwa na Robey Pointer mwaka 1993, ambayo huingia katika chaneli kama mtumiaji mwingine yeyote, ila hujiendesha yenyewe.

Haja yake ilitokana na udhaifu wa mfumo wenyewe. Katika mtandao kama EFnet, mamlaka ya chaneli humwangukia anayeifungua, naye huyapoteza akitoka, hata kama ametoka kwa sababu mawasiliano yamekatika. Hivyo chaneli iliyobaki bila mwendeshaji iliweza kutwaliwa na wageni. Roboti isiyolala ndiyo iliyoyashika mamlaka hayo kwa niaba ya wenyewe.

Baada ya kuisakinisha katika kompyuta iwakayo wakati wote, mwenye roboti huandika katika faili la mipangilio lakabu ya roboti, anwani ya seva, majina ya chaneli na namba ya poti, ambayo kwa desturi ni 6667 kwa mawasiliano ya wazi na 6697 kwa yale yaliyosimbwa. Katika faili la mfano waundaji wametega amri ya die, inayoizima programu papo hapo, ili asiyelisoma faili hilo hadi mwisho na kuifuta amri hiyo asiweze kuiwasha roboti. Ni usumbufu, lakini usumbufu wa haki.

Kuwasha kwa mara ya kwanza ndiko kunakotaka uangalifu zaidi. Roboti huwashwa kwa alama ya -m, inayounda faili jipya la watumiaji, kisha mtu wa kwanza kuitumia neno hello kwa faragha huandikishwa kuwa mmiliki wake, kwa hiyo mwenyewe hana budi kuwahi na kuweka nenosiri mara moja. Tangu hapo roboti humtambua mtu kwa jina la akaunti yake pamoja na anwani anayoungia, kwani lakabu peke yake yeyote aweza kuivaa.

Kila mtumiaji hupewa herufi zinazoonyesha cheo chake: o humpa uendeshaji wa chaneli, m humpa usimamizi, na n humfanya mmiliki. Wengi huigawa herufi ya n kwa marafiki kama heshima, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mmiliki, iwapo amri ya tcl imeachwa wazi, anaweza kuendesha msimbo wowote kwa haki za akaunti inayoiendesha roboti. Asiyeweza kukabidhiwa akaunti hiyo asipewe n.

Sehemu ya tatu itaeleza lugha ya Tcl, ambayo kwayo Eggdrop huongezewa kazi mpya.