Shoki Baridi

Anayepandia matatu ya 105 ya Kikuyu pale Westlands hukuta viti vya katikati vimeshajaa tangu mjini. Kilichobaki ni ule mstari wa mwisho, nyuma kabisa ya magurudumu. "Ingia, nyuma kuna nafasi," makanga atakwambia, na kweli nafasi ipo. Asichokwambia ni kwamba tuta la kwanza utalipokea kwa uti wa mgongo, wakati aliyekaa kando ya dereva hatainua hata macho kwenye simu yake.

Wengi wetu husema gari limekosa springi. Nami nilisema hivyo miaka mingi, hadi siku nilipoinama chini ya matatu moja katika gereji ya jua kali Kangemi nikahesabu zile bapa za chuma za springi ya nyuma. Zilikuwa tisa. Tatu kati yake bado zilikuwa na rangi nyeusi ya dukani. Mwenye gari alikuwa ameagiza ziongezwe. Kumbe gari lile lilikuwa na springi kupita kiasi.

Kazi ya springi ni kukubali kubonyea. Iliyobonyea sentimita 25 chini ya mzigo wake hupanda na kushuka mara moja kwa sekunde, taratibu, na mwili huuzoea mwendo huo bila taabu. Iliyobonyea sentimita 6 tu hucheza mara mbili kwa sekunde. Ikibonyea sentimita 3 tu, inakaribia mara tatu, na hapo tunaanza kukaribia pabaya. Mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya kati ya minne na minane kwa sekunde, kwa sababu tumbo na mgongo navyo hupenda kucheza kwa kasi hiyohiyo. Kipimo cha kimataifa cha mtikisiko mwilini, ISO 2631, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1974, kinaitilia maanani sana kasi hiyo. Kila bapa unayoongeza hupunguza kubonyea na kumsogeza abiria huko.

Mwenye gari naye ana hoja yake. Matatu nyingi za viti 33 hujengwa juu ya chasisi ya lori. Abiria 33 wa kilo 65 kila mmoja ni zaidi ya tani mbili. Wakishuka wote, chuma kilekile kilichopangwa kubeba tani mbili kinabeba viti vitupu, na wewe uliyebaki peke yako nyuma unarushwa kama punje ya mahindi kwenye ungo. Wamarekani nao huijua shida hii katika zile nyumba zao za magurudumu, ambazo pia husimama juu ya chasisi ya lori au basi. Afadhali wao: kitanda, jiko na tangi la maji havishuki njiani, kwa hiyo fundi anajua ni uzito gani wa kuupangia springi.

Mbona basi wa nyuma aumie kuliko wa mbele? Jibu lilitafutwa kwa makini mwaka 1932 na mhandisi Mwingereza, Maurice Olley, alipokuwa Cadillac huko Marekani. Alitengeneza gari la majaribio lenye vyuma vizito vya kusogezwa huku na huku, akawa anabadilisha uzito na springi na kuonja safari. Aligundua kwamba springi za mbele zinapaswa kuwa laini kidogo kuliko za nyuma. Gurudumu la mbele hugonga tuta kwanza. La nyuma huchelewa, lakini likicheza kwa kasi kidogo zaidi humfikia mwenzake, na gari zima hupanda na kushuka pamoja badala ya kuinamisha pua na kuinua mkia kama mashua. Neno ni "kidogo". Bapa tatu za ziada si kidogo. Na aliyekaa nyuma ya ekseli yuko kwenye ncha ya pembea: mkia ukipanda, yeye hupanda zaidi.

Lakini kilichonishangaza gerejini hakikuwa springi. Gari lilikuwa limetoka barabara mbovu dakika chache tu zilizopita. Fundi aligusa shoki ya kushoto kwa mgongo wa mkono, akaniita. "Shika hapa, mzee." Ilikuwa ya moto kiasi, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Ya kulia ilikuwa baridi. "Hii imekufa," akasema, akafuta mkono.

Springi haimezi nguvu ya tuta; huikopa tu, kisha hurudisha. Inayoimeza ni shoki: ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye matundu membamba, na nguvu ya kurusha gari hugeuka joto. Shoki iliyovujisha mafuta haisukumi kitu, haipati joto, na gurudumu lake huendelea kudundadunda baada ya kila shimo. Bapa zinaposuguana humeza kidogo pia, ndiyo maana wenye magari huiona shoki kama anasa. Kumbe hapa si suala la starehe tena. Tairi lililo hewani halishiki lami, na lisiloshika lami halisimamishi gari, hata dereva akikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mvua ikinyesha kwenye Waiyaki Way, hesabu hiyo huwa mbaya zaidi.

Huwezi kuingia chini ya kila matatu kupapasa shoki. Lakini macho unayo. Kesho ukisimama stejini, tazama gari linalokuja linapovuka tuta. Likidunda mara moja likatulia, panda, utafute kiti kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Likiwa bado linatikisa mkia makanga anapofungua mlango, liache lipite.